Nani Anachora Ramani ya Kagera?
Uhakiki wa tathmini za makazi ya viumbe katika miradi ya maendeleo Karagwe na Kyerwa

Mto Kagera sasa umekuwa mto wa umeme. Pale Rusumo kimejengwa kituo cha megawati 80 zinazogawanywa sawa kwa sawa baina ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Pale Murongo, wilayani Kyerwa, ng'ambo ya Kikagati ya Uganda, kituo kingine kilianza kazi mwaka 2022. Chini zaidi, huko Kakono, ambako mto umekwisha kuingia ndani ya Tanzania pande zote mbili, umepangwa mradi wa megawati 87.8, na miongoni mwa wakopeshaji na wafadhili wake ni Benki ya Maendeleo ya Afrika, Ufaransa na Umoja wa Ulaya. Ongeza barabara, njia za umeme, miradi ya maji na machimbo ya bati ya Kyerwa, nawe utaona kwamba kona hii ya nchi, iliyokuwa ikihesabiwa kuwa pembezoni, imeingia katikati ya mipango ya taifa.

Kila mmoja wa miradi ya namna hii hutanguliwa, au hufuatana, na kazi moja ambayo wananchi wengi hawaioni na viongozi wengi hawaisomi. Kazi hiyo ni tathmini ya makazi ya viumbe walioko katika hatari ya kutoweka, na matokeo yake ni ramani. Katika ramani hiyo maeneo mengine hutiwa rangi nyekundu, kwamba hapa pasiguswe au paguswe kwa masharti mazito. Mengine hutiwa rangi ya njano. Na mengine huachwa meupe, maana yake mjenzi aendelee na kazi.

Makala haya yanakusudia kuihakiki kazi hiyo. Hatuipingi. Nchi isiyojua ilicho nacho haiwezi kupanga. Lakini hapana budi tuseme wazi jambo moja: ramani ya makazi ya viumbe haitoki mbinguni. Ni uamuzi. Ndani yake kuna mtu aliyeamua aanze kutazama lini, atazame wapi, amwulize nani, na ahesabu kitu gani. Uamuzi huo ukifanyika vibaya, hasara haimwangukii aliyechora. Humwangukia mwananchi anayeishi kando ya bonde, na humwangukia kiumbe asiyeweza kujisemea.

MNYAMA WA KARAGWE, JINA LA MGENI

Mambo haya hayakuanza leo. Mwishoni mwa mwaka 1861, mpelelezi wa Kiingereza John Hanning Speke alifika kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe akitafuta chanzo cha Mto Nile. Rumanyika alimpokea vizuri. Hapo Karagwe ndipo Speke alipomwona mnyama wa kwenye mafunjo, swala mwenye kwato ndefu zilizotanuka, anayetembea juu ya tope bila kuzama na kujificha majini hata ikabaki pua tu. Sisi tunamwita nzohe. Wenyeji walikuwa na jina lake, walijua tabia zake na walijua anakopatikana kwa kila msimu. Hata hivyo, mwaka 1863 mnyama huyo alipoandikwa katika vitabu vya sayansi ya Ulaya alipewa jina la kitaalamu lililobeba jina la Speke, na mpaka leo anaitwa hivyo duniani kote.

Hatulitaji tukio hili kwa sababu ya chuki. Speke hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha utaratibu. Maarifa ya mahali pake yalichukuliwa kama malighafi, kama kahawa na bati, yakasafirishwa, yakatengenezwa nje, kisha yakarudi yakiwa bidhaa yenye nembo ya mwingine. Aliyemwonyesha mgeni mnyama hakuandikwa popote.

Je, utaratibu huo umekwisha? Tazama jinsi tathmini nyingi za leo zinavyofanyika. Mshauri mwelekezi huajiriwa kwa masharti ya mkopeshaji. Huanza kazi mezani: hufungua kumbukumbu za kimataifa, hutazama Orodha Nyekundu ya viumbe walioko hatarini, hununua picha za satelaiti. Kisha huja bondeni kwa majuma machache. Huchukua kijana wa kijiji awe mwongoza njia, humlipa posho ya siku, huondoka. Taarifa huandikwa kwa Kiingereza, kurasa mamia. Kijana yule aliyejua mahali korongo wanapotagia hupotea katika kurasa hizo, kama alivyopotea mtu wa Rumanyika.

FUNZO LA KIHANSI

Wako watakaouliza: ya nini kupoteza muda kwa vyura na ndege, wakati wananchi wanahitaji umeme? Swali hili ni la haki na linastahili jibu la haki. Jibu tunalo hapa hapa nchini, katika milima ya Udzungwa.

Mradi wa umeme wa Kihansi, wenye uwezo wa megawati 180, ulijengwa katika miaka ya 1990. Ujenzi ulikuwa umekwisha kuanza wakati wataalamu walipomgundua, mwaka 1996, chura mdogo sana anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko ya mto huo na asiyejulikana mahali pengine popote duniani. Makazi yake yote yalikuwa hekta chache tu. Mitambo ilipowashwa na sehemu kubwa ya maji kuingizwa katika mahandaki, manyunyu yalikatika. Ikabidi kufungwa mabomba ya kunyunyizia maji, na mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili. Juhudi za kumrudisha zilianza mwaka 2012, na zimekuwa kazi ndefu na ya gharama.

Nini kilichokosekana Kihansi? Si fedha, wala wataalamu, wala sheria peke yake. Kilichokosekana ni mpangilio wa kazi. Mahali pa kujenga palichaguliwa kwanza, kisha ndipo makazi ya viumbe yakapelelezwa vya kutosha. Maana yake ni kwamba tathmini haikuwa na swali la kujibu tena. Uamuzi ulikuwa umekwisha pita, na tathmini ikawa muhuri. Na nchi ikalipa mara mbili: ikalipa deni la bwawa, na ikalipia kurekebisha lililoharibika.

Rusumo inatupa mfano wa upande wa pili. Mpango wa Rusumo ni wa tangu enzi za Shirika la Bonde la Mto Kagera, lililoundwa mwaka 1977 na Burundi, Rwanda na Tanzania, na Uganda ikajiunga mwaka 1981. Miongoni mwa njia zilizofikiriwa kulikuwa na bwawa kubwa ambalo lingezamisha mabonde na mashamba mengi. Hatimaye ilichaguliwa njia ya kutumia mtiririko wa mto wenyewe bila kulundika maji mengi. Umeme uliopatikana ni mchache kuliko ule wa bwawa kubwa, lakini watu wachache zaidi waling'olewa katika ardhi yao, na vinamasi vingi zaidi vilibaki. Hapa tunaona thamani ya kutathmini mapema: pale uamuzi ungali wazi, maarifa huweza kubadilisha mradi. Uamuzi ukishafungwa, maarifa huweza kubadilisha maneno ya taarifa tu.

HESABU YA NUSU YA ASILIMIA

Sasa tuingie katika kiini cha kazi hii ya ramani. Wakopeshaji wengi hufuata vigezo vya Benki ya Dunia na vya Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo ni tawi la Benki hiyo linalokopesha makampuni. Kigezo cha shirika hilo cha mwaka 2012 kinazungumzia "makazi muhimu", yaani mahali ambapo mradi hauruhusiwi kuendelea isipokuwa kwa masharti magumu, na ukiendelea hapana budi viumbe wanaohusika wabaki katika hali bora kuliko mwanzo. Mwongozo uliorekebishwa mwaka 2019 unaeleza hesabu: mahali panahesabiwa kuwa makazi muhimu ya kiumbe aliye hatarini ikiwa panabeba angalau nusu ya asilimia moja ya viumbe wote wa aina hiyo duniani, na angalau vikundi vitano vya kuzaliana.

Kwa juu juu hesabu hii inapendeza. Inampa mtaalamu kipimo, na inamzuia mwenye mradi asiseme ovyo. Lakini tuipime kwa hali ya Karagwe na Kyerwa.

Tumchukue korongo taji, yule ndege mwenye kishungi cha dhahabu aliye pia katika bendera ya Uganda. Tangu mwaka 2012 amewekwa katika kundi la viumbe walioko hatarini, kwa sababu idadi yake imeshuka sana katika Afrika ya Mashariki na Kusini. Huzaa katika ardhi oevu na kula katika nyasi na mashamba. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba wamebaki 30,000 duniani. Nusu ya asilimia moja ni ndege 150. Bonde moja la Kyerwa lenye jozi kumi haliwezi kufikia kipimo. Bonde la pili nalo halifikii, wala la tatu, wala la kumi. Kila mradi, ukitazamwa peke yake, unapita mlangoni. Barabara inapita, njia ya umeme inapita, mfereji unapita. Mwisho wake mabonde kumi yamekwisha na hakuna taarifa hata moja iliyosema uongo.

Watetezi wa kigezo watasema kwamba eneo la kuhesabia halipaswi kuwa bonde moja, bali eneo zima linaloeleweka kwa maisha ya kiumbe huyo. Ni kweli, kigezo kinasema hivyo. Lakini ni nani anayeupiga mstari wa eneo hilo? Ni mshauri anayelipwa na mradi. Akiupiga mstari mpana, mradi unaingia katika masharti. Akiupiga mwembamba, mradi unapona. Hapa ndipo siasa ilipojificha ndani ya hesabu.

Kigezo hicho kina mlango mwingine: kinakubali pia viumbe walioorodheshwa na taifa lenyewe kuwa wako hatarini. Mlango huu ni wa kwetu. Lakini hufunguka tu kwa taifa lililofanya kazi ya kuandika orodha yake kwa ukamilifu, kwa kila kundi la viumbe, mpaka samaki na mimea. Tusipoandika orodha yetu tutahukumiwa kwa orodha ya wengine, kisha tutalalamika kwamba wageni wanatupangia.

MAMBO MATATU AMBAYO RAMANI HAIYAONI

La kwanza ni msimu. Katika maji ya Ziwa Victoria na mito yake kuna samaki aitwaye ningu. Zamani alikuwa chakula na biashara kubwa. Tabia yake ni kupanda mito wakati wa mafuriko ili akazae, kisha kurudi ziwani. Nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito katikati ya karne iliyopita zilimpunguza vibaya, na leo anahesabiwa kuwa katika hatari kubwa sana ya kutoweka. Mto Kagera ni mojawapo ya njia zake. Mtafiti akija wakati wa kiangazi, akatupa nyavu zake juma moja, akakosa ningu, ataandika kwamba hakuonekana. Maneno hayo ni ya kweli, na ni ya kupotosha. Makazi ya ningu si mahali tu. Ni mahali na wakati. Ukuta ukatao mto unamwuliza ningu swali kubwa, na jibu lake haliwezi kupatikana ila kwa kuufuata mto mwaka mzima, mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Desemba. Wavuvi wa Kagera wanaijua kalenda hiyo. Ratiba ya mkopo haiijui.

La pili ni shamba. Ramani nyingi hugawa nchi katika sehemu mbili: hifadhi, ambako kuna wanyama, na nje ya hifadhi, ambako kuna watu. Mgawanyo huu haufanani na maisha ya Karagwe. Mkulima wa hapa ana kibanja chake cha migomba, kahawa na maharage kuzunguka nyumba. Ana mashamba ya mazao ya msimu. Ana rweya, yaani nyasi za malisho na za kuezekea. Na chini kabisa ana bonde la mafunjo, ambalo humpa maji, mkeka na majani ya ng'ombe wakati wa ukame. Korongo taji anatembea katika sehemu hizi zote. Hutaga bondeni, hula katika rweya, hupita mashambani baada ya mavuno. Njia ya umeme inayokwepa hifadhi kwa uangalifu mkubwa ikapita juu ya bonde la kijiji inaweza kumwua kwa wingi zaidi, maana ndege wakubwa wa namna hii hugonga nyaya wasizoziona. Kwenye ramani njia hiyo itaonekana safi.

Lugha yenyewe inatuonya katika jambo hili. Kwa Kiswahili korongo ni ndege. Korongo ni swala mkubwa wa porini. Korongo pia ni bonde lililochimbwa na maji ya mvua. Mgeni akiandika katika daftari lake kwamba wanakijiji wamesema "korongo lipo kule" au "korongo wapo kule", na asijue tofauti, ramani yake itaharibika kabla hajawasha mashine yake. Hili si jambo la kuchekesha. Tathmini inayofanywa kwa lugha ya tatu, kupitia mkalimani wa kuokoteza, hupoteza maarifa mengi kuliko inavyokusanya.

La tatu ni historia. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi. Mamia ya maelfu wengine walifuata, na makambi yakafunguliwa Ngara na Karagwe mpaka mwisho wa mwaka 1996. Watanzania waliwapokea, kama ilivyo haki na wajibu. Lakini gharama kwa ardhi ilikuwa nzito. Misitu ilikatwa kwa kuni na ujenzi, na wanyama wa mapori ya Burigi na Biharamulo waliwindwa hata wakapungua sana. Ng'ambo ya mto, Rwanda nayo ilipunguza hifadhi ya Akagera mwaka 1997 ikabaki chini ya nusu ya ukubwa wake, ili waliorudi wapate ardhi.

Mtathmini anayefika leo katika pori lililonyamaza anaweza kuandika kwamba hapa hakuna kitu cha kulinda. Atakuwa amechukua jeraha akaliita ngozi. Upande wa pili wa mto mambo yamebadilika: Akagera ilizungushiwa uzio upande wa magharibi mwaka 2013, simba wakarudishwa mwaka 2015, na faru weusi mwaka 2017. Upande wa mashariki, unaotazama Tanzania, hifadhi hiyo inapakana na mto na vinamasi vyake. Kwa hiyo pori linaloonekana tupu mwaka huu huenda lisiwe tupu baada ya miaka kumi. Tathmini yenye akili haiulizi tu "nini kipo?" bali pia "nini kilikuwepo, na nini kinaweza kurudi?"

MAKOSA MAWILI YA KUEPUKWA

Katika mjadala huu yako makosa mawili yanayokaa pande mbili, na yote mawili yana wafuasi miongoni mwetu.

Kosa la kwanza ni la wale wanaosema: umeme kwanza, mengine baadaye. Kwao kila anayeuliza juu ya kinamasi ni adui wa maendeleo. Watu hawa wanasahau kwamba umeme wa maji hutegemea maji. Vinamasi vya Kagera, kuanzia Rwanda mpaka Karagwe, ndivyo vinavyopunguza kishindo cha mafuriko, ndivyo vinavyotoa maji polepole wakati wa kiangazi, na ndivyo vinavyoshika tope kabla halijafika kwenye mitambo. Anayeyakausha mabonde ili kuharakisha miradi anakata tawi alilokalia.

Kosa la pili ni la wale wanaomwona mwananchi kuwa ndiye hatari. Kwao ramani nzuri ni ile isiyo na kijiji ndani yake. Lazima tuseme wazi kwamba hofu ya wananchi juu ya ramani si ya kijinga. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na ya Rumanyika yalipandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, sambamba na Burigi-Chato. Kulikuwa na sababu za kufanya hivyo, na matunda ya utalii yanatarajiwa. Lakini hifadhi ya taifa ina masharti makali kuliko pori la akiba, na mwananchi anayeishi mpakani anajua kwamba mstari ukisogea hata kidogo, yeye ndiye anayepoteza kuni, nyuki, malisho au njia ya kwenda majini. Kwa hiyo akimwona mtu na kifaa cha kupimia bondeni, hanyamazi kwa sababu hajui kitu. Ananyamaza kwa sababu anajua. Anahofu kwamba akionyesha kiota cha korongo atakuwa amelitoa bonde lake.

Hapa ndipo penye mgongano wa msingi ambao vigezo vya wakopeshaji haviwezi kuutatua. Ramani nzuri inahitaji maarifa ya mwananchi. Mwananchi hatatoa maarifa yake mpaka awe na hakika kwamba hayatatumika dhidi yake. Hakika hiyo haiji kwa semina ya siku moja na soda. Inakuja pale yeye mwenyewe anapokuwa mmoja wa wenye ramani.

Chama cha TANU kilikwisha kulisema hili katika Mwongozo wa mwaka 1971: kwamba haitoshi viongozi na wataalamu kuwapangia wananchi kisha kuwaletea mpango wautekeleze, wananchi wenyewe hawana budi kushiriki katika kufikiri, kupanga na kutekeleza. Hoja hiyo haikutungwa kwa ajili ya viota vya ndege, lakini inavihusu. Kushirikishwa si kuitwa katika mkutano, kusaini karatasi ya mahudhurio na kupigwa picha. Mahudhurio hayo ndiyo yanayojaza viambatisho vya taarifa nyingi.

SHERIA IPO

Wako watakaodhani kwamba tunadai mambo mapya. Sivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka kwamba pale mradi wa umeme wa maji au mradi mkubwa wa maji unapopangwa, ifanyike kwanza tathmini ya kimkakati ya eneo zima, ikionyesha hali ya mazingira, maeneo nyeti na jamii zilizopo. Hii ni tofauti na tathmini ya mradi mmoja mmoja. Maana yake ni kulitazama bonde zima kabla ya kuchagua mahali pa kuweka ukuta. Kanuni za mwaka 2005 nazo zinataka muhtasari wa taarifa usiokuwa wa kitaalamu uandikwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinakipa kijiji uwezo wa kupanga ardhi yake, na mkutano mkuu wa kijiji kuukubali mpango huo.

Kwa hiyo upungufu si wa sheria. Upungufu ni kwamba vitu hivi vinakaa katika majalada tofauti. Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji uko wilayani. Ramani ya makazi ya viumbe iko kwa mshauri na kwa mkopeshaji. Maarifa ya mvuvi na mchungaji yako kichwani mwake. Mradi mpya unapokuja, kila kitu kinaanza upya, kwa fedha mpya, kana kwamba nchi haina kumbukumbu. Mradi wa Murongo ulitathminiwa, Rusumo ikatathminiwa, Kakono ikatathminiwa. Swali la kumwuliza ofisa mipango yeyote wa wilaya ni hili: katika ukuta wa ofisi yako, iko wapi ramani moja inayounganisha tathmini hizo zote?

KAZI ILIYO MBELE

Uhakiki usioonyesha njia ni lawama tupu. Tunapendekeza mambo yafuatayo yajadiliwe na viongozi, wataalamu na wananchi wa Karagwe na Kyerwa, na wa mkoa mzima wa Kagera.

Kwanza, tathmini itangulie uchaguzi wa mahali. Mradi ambao mahali pake pamekwisha amuliwa usiitwe umetathminiwa. Uitwe umeandikiwa taarifa.

Pili, upelelezi wa makazi ya viumbe uchukue mwaka mzima usiopungua, ili upite mvua zote mbili na viangazi vyote viwili. Mkopeshaji anayeharakisha aambiwe habari za Kihansi.

Tatu, wilaya hizi mbili ziwe na ramani moja ya kudumu ya makazi ya viumbe, inayomilikiwa na halmashauri na vijiji vyenyewe, na kila mradi unaokuja ulazimike kuongeza maarifa yake humo kabla ya kuondoka. Katika ramani hiyo mabonde yahesabiwe kwa pamoja, si moja moja, ili ile hesabu ya nusu ya asilimia isitumike kuyala mabonde kipande kwa kipande.

Nne, wavuvi, wachungaji, wafuma mikeka na warina asali waajiriwe kama watafiti, wafundishwe kuandika kumbukumbu, na majina yao yatajwe katika taarifa kama yanavyotajwa majina ya wataalamu, isipokuwa kwa asiyependa kutajwa. Vijana wa shule za sekondari wa Kayanga, Nkwenda na Murongo wanaweza kuhesabu korongo kila mwaka kwa gharama ndogo kuliko tiketi ya ndege ya mshauri mmoja.

Tano, iwekwe ahadi ya maandishi kwamba taarifa iliyotolewa na kijiji juu ya viumbe haitatumika kukiondolea kijiji ardhi bila mkutano mkuu wake kuamua. Bila ahadi hiyo ramani zetu zitaendelea kuwa na sehemu nyeupe, na sehemu hizo hazitakuwa tupu.

Sita, taarifa kamili, si muhtasari peke yake, isomwe na kujadiliwa kwa Kiswahili. Taifa lililoweza kuendesha elimu ya watu wazima kwa Kiswahili nchi nzima haliwezi kushindwa kueleza habari za samaki na ndege kwa lugha hiyo hiyo.

Bwawa hudumu miaka hamsini au zaidi. Deni lake hulipwa na watoto ambao hawajaanza shule. Watoto hao wana haki ya kukuta taa zinawaka Kyerwa na Karagwe, na wana haki pia ya kukuta ningu akipanda mto na nzohe akipita katika mafunjo. Mambo haya mawili hayapingani kwa asili yake. Hupinganishwa na mipango iliyoanza mwisho ikamalizia mwanzo. Kuurekebisha mpangilio huo ni kazi ya siasa kabla haijawa kazi ya wataalamu, na ni kazi yetu.